Nyigu, Dondora na Mavu: Uhakiki wa Istilahi za Mashauri ya Nyumbani

Miongoni mwa maandishi yanayofasiriwa kwa ajili ya wananchi, yale ya mashauri ya nyumbani hupewa heshima ndogo kuliko yote. Mfasiri akikabidhiwa mkataba au muswada wa sheria, hukaa na kamusi tatu mezani na kuuliza wenzake. Akikabidhiwa karatasi moja inayoeleza namna ya kuzuia nyigu wasijenge upenuni, huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sisi tunaona kwamba mambo yangepaswa kuwa kinyume cha hivyo. Neno baya katika mkataba litaonwa na wakili, naye atalirudisha lisahihishwe. Neno baya katika karatasi ya nyigu litaonwa na mtu aliye juu ya ngazi, ufagio mkononi, na wakati huo hapana wa kumrudishia.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno yanayotumika katika tafsiri za mashauri ya kuzuia nyigu majumbani, ambayo asili yake kwa kawaida ni maandishi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Hatumtaji mfasiri wala idara yo yote, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza ni ya desturi, si ya mtu mmoja. Hoja yetu ni moja: katika maandishi ya namna hii istilahi ni sehemu ya tendo lenyewe. Msomaji atafanya lile ambalo neno limemwambia afanye. Kwa hiyo mfasiri hana budi amjue mdudu, kiota chake, nyumba na majira, ndipo aishike kalamu.

1. Majina ya wadudu

Kiingereza kina maneno mawili makuu, "wasp" na "hornet". La kwanza ni la jumla. La pili, katika elimu ya wadudu, ni la nyigu wakubwa wa jenasi ya Vespa. Lakini hata wenye lugha hiyo hawaishiki mipaka yao barabara. Huko Amerika ya Kaskazini yupo mdudu mweusi mwenye uso mweupe aitwaye "hornet" na kila mtu, ambaye kwa wataalamu ni wa jenasi nyingine kabisa, Dolichovespula. Mfasiri anayeamini kwamba kila "hornet" ni mdudu mmoja amekwisha kupotea kabla ya kuanza.

Nasi tunayo nyigu, dondora na mavu. Kamusi zetu kwa kawaida huyaeleza maneno haya kwa kurejeana: hili ni kama lile, na lile ni mdudu afananaye na nyuki aumaye sana. Maelezo hayo yanamtosha anayesoma hadithi. Hayamtoshi anayetaka kujua kama mdudu aliye mlangoni pake ni wa kuogopwa au wa kuachwa. Mahali pengine dondora ni yule mwembamba, mwenye miguu ya kuning'inia, ajengaye upenuni. Mahali pengine ni nyigu ye yote mkubwa. Ama mavu, wengi wamelisoma katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa nzima mwaka 1952, kuliko walivyolisikia sokoni.

Jambo ambalo wafasiri wengi hawalijui ni kwamba katika Tanzania na Kenya hakuna mdudu wa asili wa jenasi ya Vespa. Nyigu wetu wa upenuni ni wa jenasi za Belonogaster, Ropalidia na Polistes. Kwa hiyo karatasi inayomwonya mkazi wa Morogoro juu ya mavu waingiao kwenye mti wenye pango inamwonya juu ya mdudu asiyekuwako, huku ikimwacha bila neno juu ya yule aliye juu ya kizingiti chake. Hata hivyo wako Waswahili ambao mavu wa kweli ni jirani yao. Katika Oman na nchi za Ghuba yuko Vespa orientalis, mdudu wa rangi ya kahawia yenye wekundu, mwenye ukanda wa manjano tumboni, ajengaye katika mashimo ya ardhi na ya kuta, na adui mkubwa wa mizinga ya nyuki. Kwa wasomaji hao neno mavu lina kazi ya kufanya. Ndiyo sababu tunataka lihifadhiwe, lisitupwe ovyo kwa kila mdudu mwenye mwiba.

Kwamba jina la mdudu lina matokeo, halihitaji ushahidi wa kale. Mwaka 2019 mavu mkubwa kuliko wote duniani, Vespa mandarinia, alionekana kwa mara ya kwanza katika Kanada na katika jimbo la Washington nchini Marekani. Mwaka 2020 magazeti yalimpa lakabu ya mavu muuaji. Hofu ilienea hata mahali asikofika mdudu huyo, na watu wakaanza kuua nyuki na nyigu wasiohusika. Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa wadudu cha Marekani kilimpa jina jipya la kawaida, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa mavu mkubwa wa kaskazini; na mwezi wa Desemba 2024 ilitangazwa kwamba mdudu mwenyewe amekwisha kung'olewa katika nchi hiyo. Jina lilitengenezwa kwa kikao. Wadudu waliouawa bure hawakurudishwa na kikao hicho.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kukwepa matatizo haya yote kwa kuandika "nyuki wakali". Nyuki ni mali. Kundi likihamia darini, dawa yake ni kumwita mrina asali, ambaye aweza kulihamisha likawa faida. Tena nyuki wa Afrika ya Mashariki wakichokozwa hutoka kwa maelfu na kumfuata mtu mbali, ilhali kiota cha nyigu wa upenuni kwa kawaida kina wadudu makumi tu. Anayeambiwa kwamba ufagio watosha kwa "nyuki wakali" ameelekezwa kwenye hatari isiyo na kipimo.

Aidha kuna upatanisho wa kisarufi. Kwa kuwa neno mavu laanza na ma-, wako wanaoandika "mavu makali yamejenga". Huyu ni kiumbe mwenye uhai: mavu mkali amejenga, mavu wakali wamejenga. Vivyo hivyo nyigu mmoja na nyigu wengi, ingawa manyigu nayo husikika.

2. Kiota, sega, mzinga na tundu

Maneno manne haya huchanganywa kila siku, na hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi.

Mzinga ni makao ya nyuki, hasa yale yaliyotengenezwa na mtu. Nyigu hana mzinga. Sega ni ule mpangilio wa vijumba vya pembe sita; nyigu analo, lakini halina asali, bali mayai na mabuu. Kiota ni jengo zima, na ndilo neno linalofaa. Tundu ni upenyo tu: penye ufa ukutani, penye bomba, penye mbao zilizoachana.

Sasa tuitazame amri moja ya kawaida. Maandishi ya asili husema kwamba nyufa na nafasi za ukutani zizibwe mapema, kabla wadudu hawajaingia. Pia huonya kwamba mlango wa kiota chenye wadudu hai usizibwe kamwe. Mfasiri aliyetumia tundu kwa maana ya nafasi na kwa maana ya kiota ataandika: "ziba matundu ya nyigu". Msomaji mtiifu atachukua saruji na kuziba mlango wa kundi lililo ndani ya ukuta. Nyigu waliofungiwa hutafuta njia nyingine, na dari ya ubao laini au karatasi ngumu huitafuna. Njia hiyo yaweza kutokea chumbani. Amri mbili zilizokuwa zikipingana katika asili zimekuwa amri moja katika tafsiri, nayo ndiyo ile iliyokatazwa.

Tunaona tena kwamba namna iliyo bora ya kuwagawa nyigu kwa mwananchi ni kwa kitu wanachojengea, kwa kuwa kiota huonekana hata mdudu asipokuwapo. Wapo wanaokwangua nyuzi za mbao, wakazitafuna kwa mate na kufanya kitu kama karatasi ya kijivu. Sega lao la wazi hutundikwa kwa kikonyo chembamba. Hao huishi pamoja na hulinda kiota chao. Wapo wanaofinyanga udongo ukutani, kila jike peke yake. Huyu hana jeshi la kulinda nyumba, na ni nadra kumwuma mtu asipomshika. Sceliphron hujaza vijumba vyake buibui aliowapoozesha kwa sumu. Jamaa zake wengine hujaza viwavi. Tena wapo wanaojenga ndani ya ardhi au kuta, kama Vespula wa Ulaya, ambao kundi lao hufikia maelfu. Mmoja wao, Vespula germanica, aligunduliwa katika Rasi ya Cape, Afrika ya Kusini, mwaka 1974. Kwa hiyo hata Afrika neno la kumwita lahitajika.

Mtu asidhani kwamba nyigu wa udongo ni wa kupuuzwa kwa kuwa si mkali. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya abiria ya Boeing 757 ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mrija wa kupimia mwendo ulikuwa umeziba. Uliodhaniwa kuwa chanzo ni udongo wa nyigu, ingawa mirija yenyewe haikupatikana. Fundi wa mitambo anayesoma onyo la kwamba "wadudu waumao" waweza kuingia mrijani atachukua glavu. Akisoma kwamba ni nyigu mfinyanzi, atatafuta udongo. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kazi mbili.

3. Nyumba na majira

Nyumba inayoelezwa katika maandishi ya asili ina dohani, ina kuta zilizovikwa mbao kwa nje, ina chumba chini ya paa. Wafasiri wengi huvifasiri vitu hivi kimoja kimoja kwa uaminifu, na matokeo yake ni nyumba ambayo msomaji hajapata kuiona. Uaminifu huo si wa kusifiwa. Lililotakiwa ni kuuliza: nyigu hutafuta nini? Hutafuta mahali pakavu, palipokingwa na mvua na jua kali, pasipopitwa sana. Katika nyumba ya bati mahali hapo ni chini ya upenu, katika mbao za kenchi, ndani ya kibaraza, nyuma ya madirisha yasiyofunguliwa, katika choo cha nje na katika stoo. Katika nyumba ya makuti ni upande wa ndani wa paa. Mfasiri anayeandika hivi hajaisaliti asili, ameitimiza.

Ama majira, kosa lake ni la hila zaidi. Katika nchi zenye baridi kali, kundi la nyigu hufa majira ya baridi yanapoingia. Majike wachache tu waliokwisha pandwa hujificha, na joto likirudi kila mmoja huanza kiota kipya peke yake. Ndiyo sababu mashauri ya huko hutaka nyumba ikaguliwe mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na kiota kilicho mbali na watu kiachwe mpaka baridi ikimalize. Wafasiri wetu huweka masika mahali pa kwanza na kipupwe mahali pa pili. Maneno ni ya Kiswahili, habari si za kwetu. Kipupwe cha Dar es Salaam hakiui nyigu. Anayeambiwa angoje kipupwe ameambiwa angoje kitu ambacho hakitafanya kazi iliyotajwa, na wakati huo kiota kinakua. Shauri lifaalo huku ni kukagua upenu kila juma, mwaka mzima, na kukiondoa kiota kingali cha vijumba vichache.

4. Kuzuia, kuuma na kutibu

Kichwa cha maandishi ya asili kwa kawaida huzungumza juu ya kuzuia. Katika tafsiri kichwa hicho mara nyingi huwa "kuangamiza" au "kuteketeza". Twajua kwamba mwandishi alitaka neno lenye nguvu. Lakini kuteketeza katika masikio ya mwananchi ni moto, na nyumba nyingi za pwani zina makuti. Nyigu mmoja wa upenuni hajaleta hasara inayofanana na mwenge chini ya paa. Tena nyigu wana faida: huwalisha mabuu yao viwavi, ambao ni adui wa bustani. Maandishi yanayosema kuzuia humwachia msomaji nafasi ya kumvumilia nyigu wa mbali. Yanayosema kuangamiza yanamtuma hadi mwisho wa shamba kutafuta vita.

Juu ya kuuma, wako wanaoandika kung'ata, kana kwamba madhara hutoka mdomoni. Kuuma latosha katika usemi wa kawaida. Lakini katika maelezo ya huduma ya kwanza lazima mwiba utajwe, tena kwa uangalifu. Mwiba wa nyuki wa asali una vinyoya vya kukamata. Hubaki katika ngozi ya mtu pamoja na mfuko wa sumu, na wapaswa kutolewa upesi. Mwiba wa nyigu ni laini. Huchomoka, na mdudu aweza kuuma tena na tena. Karatasi inayosema "toa mwiba wa nyigu" inamfanya mzazi auchokonoe mkono wa mtoto kutafuta kitu ambacho hakimo, badala ya kuuosha kwa maji na sabuni na kuukanda kwa kitambaa cha maji baridi. Wakati huo huo huenda asiziangalie dalili za mzio ambazo ni za hatari kweli: midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu, kuzirai. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali papo hapo.

Neno la mwisho, nalo ndilo linalotutia hofu kuliko yote, ni dawa. Kiswahili cha kila siku huita dawa kile kinachoponya na kile kinachoua wadudu. Dukani hapana anayekosea, kwa kuwa anaonyesha kwa kidole. Katika karatasi hakuna kidole. Ukurasa mmoja ukisema "paka dawa penye kiota" na mistari mitano chini yake ukasema "paka dawa penye uvimbe", msomaji aliye na chupa moja tu mkononi ana haki ya kudhani kwamba ni dawa ile ile. Hapa hatusemi kwamba watu ni wajinga. Twasema kwamba mfasiri amewapa neno moja kwa vitu viwili vilivyo kinyume.

5. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, twapendekeza wafasiri na walimu watumie istilahi zifuatazo katika maandishi ya mashauri:

Nyigu: jina la jumla la wadudu wenye kiuno chembamba wasio nyuki wala sisimizi.
Nyigu wa karatasi: ajengaye sega la wazi la nyuzi za mbao, lenye kikonyo.
Nyigu mfinyanzi: ajengaye kwa udongo, peke yake.
Nyigu wa shimo: aishiye kwa makundi ndani ya ardhi au ukuta.
Mavu: nyigu wa jenasi ya Vespa tu.
Kiota: jengo zima la nyigu.
Tundu: upenyo au nafasi, lisitumike kwa maana ya kiota.
Mzinga: liachiwe nyuki.
Sumu ya wadudu: kile kinachoua.
Dawa: kile kinachotibu mtu.
Kuzuia, kuondoa, kuua: yatumike kila moja kwa maana yake, kuteketeza liachwe.

Dondora hatukulitia katika orodha, si kwa kulidharau. Neno hili li hai, na uhai wake ndio unaolifanya liwe na maana mbali mbali. Mwalimu wa mahali palipo na maana moja iliyo wazi alitumie bila wasiwasi. Maandishi yanayosomwa nchi nzima yaliepuke hadi habari za kutosha zitakapokusanywa.

Ili isionekane kwamba tunakosoa bila kutenda, tunatoa mfano wa shauri lililoandikwa kwa istilahi hizi:

"Kagua upenu na kibaraza kila juma. Ukiona kiota kidogo cha nyigu wa karatasi, kiangushe kwa ufagio mrefu wakati wa magharibi, nawe umevaa nguo za mikono mirefu, usipande ngazi. Kiota cha nyigu mfinyanzi kikwangue kikiwa kikavu. Ziba kila tundu la ukuta lisilo na wadudu, na funika matundu ya hewa kwa wavu. Ukiona wadudu wakiingia na kutoka ukutani, usizibe. Mwite mtu mwenye ujuzi. Wakiwa ni nyuki, mwite mrina asali. Funika taka na matunda yaliyoiva."

Maneno hayo ni machache kuliko ya tafsiri nyingi tulizozisoma, na hayana neno hata moja ambalo msomaji atalazimika kuliulizia. Twadhani hicho ndicho kipimo. Yuko atakayesema kwamba mfasiri si mtaalamu wa wadudu, naye kazi yake ni kuhamisha maneno. Hatukubaliani naye. Asiyejua kinachojengwa upenuni hana neno la kuhamisha. Ana sauti tu.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu na maofisa wa ugani walioko vijijini, watuletee majina ya nyigu yatumikayo katika sehemu zao. Kila jina liambatane na maelezo ya kiota: kimejengwa kwa nini, kiko mahali gani, kina wadudu wengi au mmoja. Jina lisilo na kiota litatuongezea orodha, wala halitatuongezea maarifa.